Msitu wa Jirani na Mvua Yetu

Tangu kale watu wanaokaa kando ya misitu mikubwa wamesadiki kwamba pana udugu baina ya miti na mvua, na itikadi hiyo haikuwa ya kabila moja wala ya zama moja. Wazee wa Wamijikenda, ambao kwa karne nyingi wameitunza misitu ya kaya katika pwani ya Kenya, waliufanya msitu kuwa mahali pa kuombea mvua. Na Christopher Columbus, kama alivyoandika mwanawe, alipoziona mvua za alasiri za kisiwa cha Jamaica alidai kwamba zimeletwa na miti yake, akakumbusha kuwa visiwa vya Kanari na Madeira navyo vilipata mvua nyingi kabla misitu yake haijakatwa. Walakini itikadi si burhani. Mwenye kutaka ubishi aweza kusema, kwa haki ile ile, kwamba msitu umeota mahali pale kwa sababu mvua ilikuwako kwanza, na kwamba kuushukuru msitu kwa ajili ya mvua ni kumshukuru mtoto kwa kumzaa mamaye.

Mwaka 1800 mtaalamu wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, alifika katika ziwa Valencia, katika nchi ambayo leo ni Venezuela, akawakuta wenyeji wamo katika fadhaa, kwa kuwa maji ya ziwa lao yalikuwa yakipungua mwaka hata mwaka na ufuo ukizidi kuyakimbia makazi yao. Wengine walidhani kwamba chini ya ziwa pana tundu linaloyapeleka maji baharini. Humboldt alitazama vilima vilivyolizunguka, akaona miti imefyekwa kwa ajili ya mashamba na vijito vimegeuzwa kwenda kunywesha mimea, akahukumu kwamba sababu ya hasara ile haikuwa chini ya ardhi bali juu yake. Miaka kama 20 baadaye Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Boussingault, alipita pale pale akakuta maji yanapanda, maana vita vya kupigania uhuru vilikuwa vimewatawanya wakulima, na mwitu ulikuwa umerudi kuyameza mashamba yao. Kisa hicho kina mafunzo, lakini hakikati shauri, kwani pamoja na miti kurudi, vijito navyo vilirejea ziwani. Na ni nani awezaye kusema ni kiasi gani cha maji kilichorudishwa na mvua na ni kiasi gani kilichorudishwa na mifereji iliyoachwa?

Ilibidi kungojea hadi nusu ya pili ya karne ya 20, zilipopatikana ala za kuyapima maji ya angani na za kuyatazama mawingu kutoka juu, ndipo swali hilo la kale likapata majibu yanayoweza kutegemewa. Jumla ya majibu hayo ni kwamba msitu ni mtoto wa mvua na ni mzazi wake pia. Na kwamba mvua unayoizaa aghalabu hainyeshi juu yake peke yake, bali huchukuliwa na upepo ikanyesha katika nchi nyingine, juu ya mashamba ya watu ambao huenda hawajausikia hata jina la msitu huo.

Kazi ya jani

Tuanze na jani moja, kwa sababu mambo yote makubwa yatakayofuata yanatoka hapo. Upande wa chini wa jani, katika sehemu isiyozidi upana wa ukucha, pana maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa kawaida hufunguka kunapokucha na kufumba giza linapoingia au kiu inapouzidi mti. Jani hufungua vitundu hivyo ili livute hewa ya ukaa ambayo hulitumikia katika kujitengenezea chakula. Lakini kila vinapofunguka kuingiza hewa, maji yaliyo ndani ya jani hutoka yakiwa mvuke, na maji mengine hupanda kutoka mizizini kushika mahali pa yale yaliyokwenda zake. Mti mmoja mkubwa wa misitu ya Amazon huweza kutoa lita 1,000 kwa siku moja kwa njia hii, wala haukomi kiangazi kinapoingia na nyasi za pembeni zimekwisha kauka, kwa sababu mizizi yake huyafuata maji chini sana: watafiti waliochimba mashimo huko Paragominas, mashariki ya Amazon, walikuta mizizi iliyoshuka hadi mita 18.

Maji nayo hayageuki kuwa mvuke bure. Joto linalotakiwa ili lita moja ya maji iwe mvuke ni takriban mara saba ya lile linalotakiwa kuitoa lita hiyo hiyo katika ubaridi wa mtungi hadi ichemke. Joto hilo msitu hulichukua katika jua, na hii ndiyo sababu ya ubaridi tunaouona tunapoingia chini ya miti mchana wa jua kali. Lakini halipotei, bali hufichika ndani ya mvuke, likapanda nao, na mvuke unapogeuka kuwa matone ya wingu joto lile hufunguliwa, likaipasha moto hewa ya juu, hewa ikazidi kupanda, na hewa nyingine ikaja kutoka pembeni kujaza nafasi iliyoachwa. Hapo ndipo kazi ya jani inapoingia katika kazi ya upepo. Jani linanyanyua maji, na katika kuyanyanyua linapandisha nguvu ya jua hadi mahali ambapo nguvu hiyo huendesha hewa ya dunia.

Yako mambo mengine matatu yanayofaa kutajwa. La kwanza ni rangi: msitu ukitazamwa kutoka angani ni mweusi, nao huirudisha juu sehemu kama 12 hadi 15 tu katika kila sehemu 100 za nuru ya jua, ilhali nyika ya majani hurudisha kama 20, na mchanga wa jangwani hurudisha 30 na zaidi. La pili ni umbo: uso wa msitu una vilima na mabonde ya vilele vya miti, hata upepo upitao juu yake hukwama, hupinduka na kupanda, ambapo upepo upitao juu ya malisho yaliyo sawasawa huteleza ukaenda zake. La tatu ni vumbi jema: majani hutoa mafuta mepesi yanayoyeyuka hewani, ambayo baadhi yake ndiyo asili ya harufu ya mwitu, na kuvu za msituni hurusha mbegu zao zilizo ndogo kupita unga, hayo yote huzaa chembe, na mvuke wa angani hauwezi kufanya tone la wingu pasipo chembe ya kuushikilia. Basi msitu hutoa maji, ukatoa nguvu ya kuyapandisha, na ukatoa mbegu za mawingu.

Msafara wa mvuke

Mahali ambapo kazi hii imechunguzwa zaidi ni katika bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, lenye msitu mkubwa kuliko yote ya nchi za joto. Upepo wa huko huingia kutoka Bahari ya Atlantiki ukielekea magharibi, ukasafiri juu ya miti mwendo wa kilomita kama 3,000 hadi ukutane na ukuta wa milima ya Andes. Mtu angetazamia kwamba mawingu yangemwaga maji yake karibu na pwani, na kwamba kadiri upepo unavyoingia bara ndivyo unavyozidi kuwa mkavu, kama ilivyo katika nchi nyingi zisizo na misitu. Lakini magharibi ya Amazon, chini ya Andes, hunyesha sana. Maji yale yanatoka wapi?

Jawabu lilitolewa na mtaalamu wa Kibrazili, Eneas Salati, pamoja na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979. Katika maji yote ya dunia yamo machache yaliyo mazito kidogo kuliko mengine kwa sababu ya uzito wa viini vya atomi zake, na katika wingu maji hayo mazito hutangulia kushuka mvua inyeshapo, hata mvuke unaobaki huwa mwepesi zaidi kila hatua. Salati alipima maji ya mvua kutoka upande wa bahari hadi ndani ya bara, akaona kwamba wepesi ule haukuongezeka kwa kadiri iliyotazamiwa. Maana yake ni kwamba njiani palikuwa na kitu kinachoyarudisha angani maji mazito yaliyokwisha anguka. Kitu hicho ni miti, ambayo huinywa mvua ya jana na kuirudisha leo, mazito na mepesi pamoja. Tangu hapo imekubaliwa kuwa baina ya robo na nusu ya mvua ya Amazon ni maji yaliyokwisha nyesha juu ya msitu huo huo na kunyanyuliwa tena.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki ataelewa upesi akikumbuka misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Msafara haukuweza kubeba chakula cha safari nzima tangu pwani. Ulijaza upya katika kila kituo chenye mashamba na maghala, na palipotokea vita vikachoma maghala ya vituo viwili vitatu, wapagazi walishindwa njiani, na watu wa Ujiji, ambao hawakuona moshi wa vita hivyo, wakangojea bidhaa zisizofika. Mvuke wa bahari husafiri kwa desturi hiyo hiyo, na kila eneo la msitu ni kituo cha kujazia.

Antonio Nobre, mwanasayansi wa Brazil, katika taarifa yake ya mwaka 2014 alikadiria kwamba misitu ya bonde la Amazon hupandisha angani tani bilioni 20 za maji kila siku, ilhali mto Amazon wenyewe, ulio mkubwa kuliko mito yote duniani, humimina baharini tani bilioni 17. Upo basi mto mwingine juu ya mto ule, usio na kingo wala samaki, nao Wabrazili wameuita mto unaoruka. Ukifika kwenye Andes hauwezi kupita wote. Sehemu yake hupinda kusini, ikafuata vilima hadi Bolivia, Paraguay, kusini ya Brazil na kaskazini ya Argentina. Katika mwaka 2010 Ruud van der Ent na wenzake huko Delft, Uholanzi, waliufuata kwa hesabu mvuke wa dunia nzima, wakaona kwamba nchi za bonde la Río de la Plata, zenye mashamba na malisho yanayolisha mamilioni ya watu, hutegemea mvuke wa msitu wa Amazon kwa sehemu kama 70 katika 100 za maji yao.

Tena msitu ule hauishii katika kuyarudisha maji, bali huyaita. Katika kusini ya Amazon mvua huanza miezi miwili au mitatu kabla ukanda mkuu wa mvua wa Ikweta haujafika huko, na kwa muda mrefu sababu haikujulikana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwishoni mwa kiangazi, miti inapotoa majani mapya, mvuke wake huongezeka angani ukafanya mawingu madogo, mawingu hayo yakaipasha joto na kuilowesha hewa ya juu, na hewa ikapanda hata ikauvuta ndani upepo wa bahari wenye maji mengi. Katika majira hayo msitu huanza kutoa mvuke, na upepo hufuata.

Shoka linapoingia

Sasa tuulize kinachotokea miti ikiondolewa, na hapa hatuhitaji kukisia, kwa kuwa jaribio limekwisha fanywa, ingawa waliolifanya hawakukusudia kuwafundisha watu elimu ya anga. Katika jimbo la Rondônia, kusini-magharibi ya Amazon, walowezi walimiminika tangu miaka ya 1970 kwa kuifuata barabara kuu inayoitwa BR-364. Kutoka katika barabara hiyo zilitoka njia za pembeni, kulia na kushoto, na katika kila njia watu walifyeka kwenda ndani, vipande vidogo kwanza, kisha vipande vikaungana vikawa malisho yasiyo na mwisho.

Katika miaka ya mwanzo palionekana jambo la kustaajabisha: mawingu yaliongezeka juu ya maeneo yaliyofyekwa. Sababu yake ni kwamba ardhi iliyo wazi hupata joto zaidi kuliko msitu ulio kando yake, hewa yake ikapanda, na hewa yenye unyevu ikatoka msituni kuja kuijaza nafasi, kama matlai yatokavyo baharini mchana kuja nchi kavu iliyokwisha pata moto. Mwenye kuona hivyo angedhani kwamba kufyeka kumeleta neema. Lakini neema ile ilikuwa ya mkopo, na aliyekopesha ni msitu uliobaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, waliozitazama habari za satelaiti za miongo mitatu, walieleza mwaka 2017 kwamba viwanja vilipokuwa vipana, vya mamia ya kilomita, hali iligeuka: upepo, kwa kukosa vilele vya miti vya kuukwamiza, uliteleza juu ya malisho pasipo kupanda, hata upande unakotokea upepo ukapungukiwa na mvua ya kiangazi, na upande unakoelekea, ambapo hewa iliyoteleza hujikusanya na kupanda, ukaongezewa. Mvua ilihama katika jimbo moja, na waliopata si wale waliopoteza.

Katika upana mkubwa zaidi hasara ni dhahiri zaidi. Dominick Spracklen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walionyesha mwaka 2012 kwamba katika zaidi ya sehemu 60 kwa 100 za nchi za joto, hewa iliyopita juu ya mimea mingi katika siku chache zilizotangulia huleta mvua angalau mara mbili ya ile iliyopita juu ya mimea haba. Mwaka 2023 wataalamu wa chuo hicho hicho walitoa hesabu nyingine iliyotokana na vipimo vya mvua vyenyewe, wakasema kwamba ufyekaji wa misitu ya Kongo ukiendelea kama unavyotazamiwa, mvua ya huko itapungua kwa sehemu 8 hadi 10 katika 100 kufikia mwaka 2100. Na Thomas Lovejoy pamoja na Carlos Nobre, waliousoma msitu wa Amazon kwa umri wao wote wa kazi, walionya mwaka 2018 kwamba ikiwa robo au hata sehemu moja katika tano ya msitu huo itakatwa, msafara wa mvuke utakatika njiani, na sehemu kubwa ya msitu uliobaki itageuka nyika yenyewe pasipo kuguswa na shoka. Sehemu iliyokwisha kukatwa walipoandika hayo ilikuwa kama 17 katika 100.

Sisi na Kongo

Huenda msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akasema kwamba Amazon iko mbali nasi, na mvua zetu hutoka Bahari ya Hindi, zikiletwa na kaskazi na kusi kama ilivyokuwa siku za mababu. Ni kweli kwamba bahari ndiyo hazina yetu kuu, na vuli na masika hufuata mwendo wa jua na wa pepo hizo. Lakini upepo hausimami Tabora, wala hauishi Kisumu. Huendelea kwenda magharibi, ukipita juu ya nyanda, maziwa na milima yetu, ukijaza mvuke njiani, hadi uvuke ukingo wa Bonde la Ufa na kushuka katika msitu wa Kongo, ulio wa pili kwa ukubwa katika nchi za joto. Katika hesabu ile ya Delft ilidhihirika kwamba chimbuko kubwa la mvua ya bonde la Kongo ni mvuke uliopanda kutoka Afrika ya Mashariki, hasa katika nchi za Maziwa Makuu. Na kwamba Kongo nayo, kwa upande wake, ni chimbuko kubwa la mvua za Saheli.

Tuitafakari habari hiyo kwa utulivu, maana yabadilisha mahali petu katika shauri zima. Tumezoea kujiona kuwa watu tunaopokea mvua, na kumbe sisi tu miongoni mwa wanaoituma. Mkulima wa mtama wa Niger hutegemea miti ya Kisangani, na mti wa Kisangani hutegemea kwa kadiri fulani unyevu unaotoka Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania. Tena upepo una siku zake za kugeuka: katika majira ya mvua ziko siku ambazo hewa huvuma kutoka magharibi, kutoka Kongo kuja kwetu, na watazamaji wa hali ya hewa wameona kwamba siku hizo katika Afrika ya Mashariki huwa na mvua nyingi kuliko siku za kawaida. Kwa hiyo hakuna katika sisi aliye wa juu tu au wa chini tu katika njia ya upepo.

Misitu ya milima yetu, ijapokuwa ni midogo ukiilinganisha na ya Kongo, ina kazi ambayo haipimwi kwa ukubwa wa eneo lake. Asubuhi ya ukungu katika Usambara au Uluguru, mtu akisimama chini ya miti mirefu atasikia matone yakianguka juu ya majani makavu ilhali mvua hainyeshi. Akitazama juu ataona matawi yamevikwa kuvumwani, ule mmea laini wa kijani unaofunika magome, nao umelowa hata unachuruzika, kwa kuwa wingu linalopita kati ya miti huacha unyevu wake katika kila jani na kila unywele wa kuvumwani. Maji hayo hayamo katika kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani, walakini yamo katika vijito. Na mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, hupata sehemu ya maji yake katika milima ya Uluguru. Pale ambapo moto au shoka limeuondoa msitu wa namna hiyo, kama ilivyotokea katika sehemu za juu za Kilimanjaro, wingu hupita vile vile kama zamani, lakini halikuti kitu cha kulikamua.

Mipaka ya hoja hii

Hoja njema huharibiwa na wanaoivuta kupita mpaka wake, na hii nayo ina mipaka. Ukame mkubwa ulioipiga Saheli tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ulielezwa mwaka 1975 na Jule Charney, bingwa wa elimu ya anga huko Marekani, kwamba umetokana na ardhi kuvuliwa mimea yake. Ardhi ile iliyo nyeupe ikawa inairudisha nuru ya jua juu, hewa ikapoa ikashuka badala ya kupanda, na mvua ikakosa njia. Fikira yake ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kilichouanzisha ukame ule hasa ni mabadiliko ya joto la bahari, na kuvuliwa kwa nchi kukauzidisha na kuurefusha. Bahari ndiyo inayotawala mwaka wa neema na mwaka wa shida. Msitu hutawala kadiri neema inavyofika mbali na kadiri shida inavyouma.

Kadhalika wako wataalamu wawili wa Urusi, Victor Gorshkov na Anastassia Makarieva, waliotoa mwaka 2007 nadharia kwamba misitu ndiyo pampu inayouvuta upepo wa bahari hadi ndani ya mabara, kwa sababu mvuke unapogeuka maji hupunguza mkandamizo wa hewa. Nadharia hiyo ingali katika mabishano. Wala haifai kudhani kwamba kila mti popote ni baraka kwa kila mtu. Mikaratusi ikipandwa kwa wingi katika nchi kame huweza kuvikausha visima kabla haijaleta mvua yoyote; na hesabu iliyofanywa mwaka 2012 na Abigail Swann na wenzake ilionyesha kwamba nchi za kaskazini za baridi ya wastani zikijazwa miti kwa upana mkubwa mno, weusi wa miti hiyo utalizidisha joto la upande ule, na ukanda wa mvua wa Ikweta utavutwa kuelekea kaskazini, hata wengine wa kusini wapungukiwe. Tahadhari hizi haziupunguzi uzito wa jambo, bali huutia nguvu, kwa sababu zote zashuhudia neno moja: abadilishaye uso wa nchi kwa upana huo huigusa hewa ya watu wote.

Haki ya ujirani

Kwa mito ya ardhini mataifa yana mikataba. Tangu siku za ukoloni imeandikwa na kubishaniwa sheria ya nani atayatumia maji ya Nili na kwa kadiri gani. Mwenye kujenga bwawa juu ya mto hujua kwamba aliye chini atauliza, na ana haki ya kuuliza. Kwa maji yapitayo angani hakuna sheria iliyo sawa na hiyo. Mataifa ya Amazon yalitia sahihi mkataba wa ushirikiano mwaka 1978, na nchi za Afrika ya Kati zinayo tume yao ya misitu. Lakini anayeishi upande unakoelekea upepo, nje ya mipaka ya nchi hizo, hana kiti barazani, na hasara yake haiandikwi katika daftari lolote linapotolewa kibali cha kukata.

Waliolielewa jambo hili mapema ni wachache. Profesa Wangari Maathai, aliyeianzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977 kwa kuwaita akina mama wapande miche, na aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikubali mwaka 2005 kuwa balozi mwema wa misitu ya bonde la Kongo. Pangekuwa na mtu wa kuuliza Mkenya ana shauri gani na misitu ya nchi nyingine, na ilhali misitu ya kwao, kama ile ya Mau, inahitaji kutetewa? Lakini mashauri hayo mawili ni moja, na upepo ndio unaoyaunganisha.

Wala mtu asikate tamaa akidhani kwamba kilichoharibika hakirekebiki. Mwaka 1861, mji wa Rio de Janeiro ulipokuwa ukishikwa na kiu kwa sababu milima yake ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kahawa, mfalme wa Brazil aliamuru milima ya Tijuca irudishiwe miti, na kazi ikafanywa mche kwa mche, kwa mikono ya watu waliokuwa bado watumwa. Msitu huo upo hata leo katikati ya mji. Na katika siku zetu, ufyekaji wa Amazon ya Brazil, uliozidi kilomita za mraba 27,000 katika mwaka 2004, ulishuka hadi chini ya 5,000 katika mwaka 2012, kwa sababu serikali ilitazama kwa satelaiti, ikatuma wakaguzi, ikanyima mikopo waliovunja sheria. Palipo na nia, shoka husimama.

Kwa hiyo yatupasa kulitazama upya shauri la misitu katika nchi zetu. Mama apikaye kwa mkaa mjini si mhalifu, bali hana nishati nyingine anayoimudu, na serikali itakayompatia gesi au umeme kwa bei anayoiweza itakuwa imefanya kazi ya kuleta mvua hata kama haikukusudia. Idara za misitu na idara za hali ya hewa zikae pamoja, na kibali cha kufyeka eneo kubwa kiulizwe kwanza upepo wa hapo huelekea wapi na ni nani analima huko. Wakulima wa Kitui na Dodoma, ambao mwaka wao wote hutegemea wiki chache za mvua, wahesabiwe kuwa wenye haki wakati misitu ya Kongo inapojadiliwa. Na kwa kuwa haki haitenganiki na wajibu, Kongo nayo na Saheli zihesabiwe kuwa zenye haki wakati tunapojadili Mau, Usambara na miombo ya Tabora. Mwenye msitu aliye fukara asiachwe aubebe peke yake mzigo wa kuutunza kwa faida ya watu wa mbali, bali wanaonyeshewa na mvua yake wachangie gharama, kama wanaokunywa kisima kimoja wanavyochangia kukichimba na kukisafisha. Hilo si jambo la hisani. Ni deni, na kila msimu wa mvua tunaoupokea huliongeza.